Baba mdogo anakoroma hadi pumzi inakata. Hii habari ya kukoroma na kansa imekaaje?

Mjukuu wa Kiwira (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wa Mbeya poleni na baridi, Julai ya mwaka huu haina huruma.

Nina jambo la baba mdogo wangu. Ni refu kidogo, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa msibani Tukuyu. Mnajua misiba ya kwetu, wanaume tunalala nje chini ya turubai, moto katikati, kila mtu na blanketi lake. Usiku wa kwanza nikaangukia jirani na baba mdogo. Kwenye saa saba akaanza. Si kule kukoroma kwa mtu aliyeshinda anabeba viti. Huyu alikuwa kama fuso lenye mzigo linapanda Mlima Nyoka: linanguruma, linanguruma, halafu kimya. Nikamulika kwa simu. Kifua kinapanda na kushuka, tumbo linahangaika, lakini puani hakuna kinachoingia wala kutoka. Kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, anavuta hewa kwa kishindo, anageuka, anaanza upya.

Nikafungua saa ya simu nikaanza kuhesabu. Kimya cha kwanza sekunde 22. Cha pili 31. Kuna kimoja kilifika 48 nikashindwa kuvumilia, nikamtikisa bega. Akafumbua jicho moja: "Una nini wewe? Niache nilale." Mzee mmoja upande wa pili wa moto akacheka, akasema mwache huyo, tangu ujana wake ana usingizi mzuri.

Usingizi mzuri!

Ana miaka 54. Mnene wa wastani, si wa kutisha, ila shingo imejaa. Presha anayo, anameza vidonge vya aina mbili na bado haishuki. Sigara anavuta. Mchana ukimkalisha kwenye kiti dakika tano, kesha lala. Kwenye ibada ya mazishi alilala mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, tukasema ni uchovu wa safari.

Sasa kilichonileta hapa. Nilisimulia haya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Haikupita saa moja binamu akarusha sauti ya mtu anayejiita daktari, anasema "kukoroma ni kansa inayobisha hodi" na kwamba wazungu wamethibitisha wakoromaji wanakufa kwa kansa mara tano zaidi. Mama mdogo amelia siku mbili. Baba mdogo naye, badala ya kwenda hospitali, ameanza kunywa dawa ya majani ya "kusafisha damu", chupa elfu thelathini. Kuna ukweli wowote hapo?

Mnyalu Halisi

Kamwene mkuu. Kama kukoroma kungekuwa kunaua, hapa Kihesa wangebaki wanawake na kuku tu. Babu yangu amekoroma hadi miaka 91 na kilichomuondoa ni kuteleza kisimani. Watu wa Mbeya mnapenda kutishana. Mwambie mzee apunguze nyama ya nguruwe, alale ubavu.

Mama Tandala

@Mnyalu Halisi wanawake pia wanakoroma baba. Mimi mmojawapo. Nitarudi jioni kueleza, nina wageni.

Nesi wa Zamu

Ngoja niingie, maana naona uzi unaelekea kwenye utani.

Kukoroma peke yake ni mtikisiko wa nyama laini za koo hewa ikipita kwa shida. Watu wengi wanakoroma na hawana tatizo lolote. Alichokiona mwenye uzi ni kitu kingine, ni kukatika pumzi usingizini, kitaalamu apnea. Mtu akilala misuli ya koo inalegea. Kwa wengine inalegea mpaka kuta zinagusana, njia inaziba. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti, na ndiyo maana uliona tumbo linahangaika. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unapiga kelele, mtu anazinduka kidogo bila hata kujijua, koo linafunguka, anavuta. Halafu hayo hayo tena, usiku kucha. Asubuhi anasema amelala kwa saa nane nzima, kumbe ubongo wake umekesha.

Kimya kikifika sekunde 10 tunakihesabu. Kinachotafutwa ni mara ngapi kwa saa. Chini ya 5 huna tatizo. 5 hadi 15 ni hafifu, 15 hadi 30 ni kati, kuanzia 30 ni kali. Kwa sekunde 48 ulizohesabu, huyo mzee asingesubiri hata kikao cha ukoo.

Na hiyo presha isiyoshuka kwa dawa mbili, mimi ningeanzia hapo. Presha sugu na kukatika pumzi ni ndugu wa tumbo moja, kila mara oksijeni ikishuka mwili unamwaga homoni za kukurupuka, mishipa inabana. Ongeza mapigo ya moyo kwenda ovyo, ongeza kiharusi.

Kuhusu kansa nitaandika nikitoka zamu. Si uongo mtupu, lakini aliyerekodi ile sauti amechukua mkia akauita ng'ombe.

Dereva wa Igawa

Mimi naendesha semi Dar–Tunduma mwaka wa kumi na moja huu. Niwaambie kitu sijawahi kuandika popote. Mwaka juzi nilipanda Kitonga vizuri, nikapita Iringa, Mafinga, nikanywa chai Makambako. Baada ya hapo sikumbuki. Nilichokuja kukiona ni tingo ameshika usukani anapiga kelele na tairi za kushoto ziko kwenye majani. Barabara imenyooka, mchana kweupe, sijanywa pombe, na usiku wake nilikuwa nimelala kwa saa saba nzima gesti.

Nilienda kituo kimoja cha afya (sikitaji) nikaeleza kwamba nalala lakini sishibi usingizi. Nikaandikiwa vidonge vya usingizi. Nilivimeza wiki mbili, mke wangu ndiye aliyevitupa chooni, akasema usiku nakaa kimya hadi anawasha taa kuangalia kama nipo.

@Nesi wa Zamu vile vidonge vilikuwa na kosa gani?

Nesi wa Zamu

@Dereva wa Igawa asante mkeo kwa niaba yetu sote. Baadhi ya dawa za usingizi zinaweza kulegeza koo zaidi na kuuchelewesha ubongo kuzinduka. Kwa mtu mwenye shida hiyo ni sawa na kumfunga mikono anayezama. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wale ndugu zangu wa ulanzi wa saa tatu usiku na kimpumu cha kuagana, mnapokoroma zaidi siku hizo, sababu ndiyo hiyo.

Mnyalu Halisi

Ulanzi umeingiaje tena hapa? 😂 Acheni kinywaji chetu.

Hesabu za Uyole

Nimesoma hizo tafiti moja moja, kwa sababu mama yangu alifariki kwa kansa na alikuwa mkoromaji, basi mnaelewa kwa nini nilizitafuta.

Hiyo "mara tano" ina chanzo, si ya kutungwa. Inatoka Wisconsin, Marekani, utafiti uliotolewa 2012. Watu 1,522 walipimwa usingizi kisha wakafuatiliwa miaka 22. Waliokuwa na hali kali walikufa kwa kansa karibu mara 4.8 ukilinganisha na wasio na tatizo. Ukisikia hivyo unatetemeka. Lakini uliza swali la mwenye duka: ni wangapi? Katika miaka yote 22, waliokufa kwa kansa kwenye kundi zima walikuwa 50. Wenye hali kali walikuwa sehemu ndogo tu ya watu wale. Vifo vichache vikiongezeka au kupungua hapo, ile "mara tano" inabadilika sura kabisa. Watafiti wenyewe waliandika kwa tahadhari, aliyerekodi sauti ndiye aliyeivua tahadhari.

Halafu Hispania, 2013. Watu 4,910 wa kliniki za usingizi. Hapo kilichoonekana kuambatana na kupata kansa zaidi ni muda ambao mtu anakaa na oksijeni chini ya asilimia 90 usiku, hasa kwa wanaume na walio chini ya miaka 65. Mwaka uliofuata Kanada, jimbo la Ontario, watu zaidi ya 10,000: walipoondoa athari ya umri, unene, sigara na mengine, uhusiano wa jumla ukayeyuka.

Na 2016 Marekani tena, kwa kumbukumbu za bima za watu wapatao milioni 5.6. Kansa kwa ujumla haikuongezeka. Ila ukichambua aina, kansa ya ngozi ile ya melanoma, ya figo na ya kongosho zilikuwa juu kwa wenye apnea, wakati ya matiti, ya utumbo mpana na ya tezi dume zilikuwa chini. Sasa tukizibeba hesabu hizo kichwa kichwa, itabidi tuwahimize akina mama wakorome ili wasipate kansa ya matiti!

Tatizo kubwa ni hili: mkoromaji wa aina hiyo mara nyingi ni mtu mzima, mnene, mvutaji, mnywaji. Unene peke yake shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeuhusisha na aina 13 za kansa. Utamtenganishaje mtu na mwili wake ujue kilichomponza ni usingizi au ni kitambi? Wanajaribu kwa hesabu, na hesabu zina kikomo.

Mama yangu kwa taarifa yenu alikuwa mwembamba kama mwanzi, na alipikia kuni jikoni lisilo na dirisha miaka arobaini. Nimeacha kutafuta kwenye koromo lake.

Binti Wanji

Pole sana @Hesabu za Uyole. Swali langu: kama takwimu zinapishana hivyo, kwa nini wanasayansi wameng'ang'ania? Si waachane nayo?

Nesi wa Zamu

Nimetoka zamu, chai iko mkononi, nijibu hili.

Hawaachi kwa sababu ya kinachotokea ndani ya seli, na huko hadithi ina mashiko. Uvimbe wa kansa ukikua, katikati yake oksijeni haifiki vizuri. Seli zina protini inayoitikia upungufu huo, inaitwa HIF. Oksijeni ikipungua inaamka na kuamuru mishipa mipya ya damu iote. Ni kama mkulima wa mpunga Usangu ambaye maji hayafiki jarubani kwake, usiku anachepusha mfereji. Wanasayansi watatu, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Nobeli ya tiba 2019 kwa kufafanua jinsi seli zinavyohisi oksijeni.

Sasa mtu mwenye apnea, mwili wake mzima unapanda na kushuka oksijeni mara 30, 40, 60 kwa saa. Watu wa Barcelona wakajiuliza, je, hilo linamwamsha yule mkulima? Wakachukua panya waliopandikizwa melanoma, wakawaweka kwenye hewa inayobadilika: sekunde 20 oksijeni asilimia 5, sekunde 40 hewa ya kawaida, saa sita kwa siku. Uvimbe wao ukakua haraka kuliko wa panya waliopumua kawaida.

Panya, narudia, panya. Tena walikuwa tayari na kansa. Kwa hiyo hata ukiliamini jaribio lile asilimia mia, linazungumzia zaidi kansa iliyopo kukua, na si koromo kuzaa kansa kutoka hewani. Ile sauti ya WhatsApp imeruka hapo kwa miguu miwili.

Na kitu kingine ambacho wauza mashine za kusukuma hewa usingizini hawakisemi: hakuna jaribio lililothibitisha kwamba kutibu apnea kunazuia kansa. Tunatibu kwa sababu nyingine, na zinatosha. Muulize Dereva wa Igawa.

Binti Wanji

Nimeelewa dada. La mwisho: sisi wa Makete na Njombe tupo juu kwenye mita 2,000, hewa nyepesi. Haituzidishii?

Nesi wa Zamu

Ukiwa juu unaanza na oksijeni ya chini kidogo kwenye damu, kwa hiyo pumzi ikikata unashuka kutoka ngazi ya chini zaidi kuliko mtu wa Dar. Mwenye apnea vipimo vyake vinaweza kuwa vibaya zaidi akiwa kwenu. Lakini asiye na tatizo, aliyezaliwa na kukulia huko, mwili umezoea. Kinachonisumbua zaidi huko juu ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani na kufungwa dirisha. Hilo linaua usiku huo huo, halisubiri miaka 22.

Mama Tandala

Nimerudi. Mimi nina miaka 58, sikuwa mnene wala sinywi. Nilikuwa naamka na kichwa kinagonga, mdomo mkavu kama nimelamba unga, nasahau majina ya wajukuu. Nilitibiwa malaria mara sijui ngapi. Mwanangu wa Dar ndiye alinipeleka nikapimwa usingizi, wakanibandika nyaya na kile kidude cha kidole. Mara 36 kwa saa.

Nikapewa mashine inayosukuma hewa, ina mpira na barakoa ya puani. Inasukuma hewa taratibu ili koo lisizibe, basi, haina dawa ndani yake. Wiki ya kwanza niliichukia, nilijiona tembo. Mjukuu wa miaka minne alikataa kuingia chumbani. Wiki ya tatu niliamka asubuhi moja nikasikia kunguru. Nilikaa kitandani nasikiliza kunguru, kichwa chepesi, nikasema kumbe watu huwa wanaamka hivi.

Shida yake ni umeme. Ukikatika usiku unaamka unabanwa na barakoa isiyotoa hewa, unaivua. Sasa nina betri ya sola. Na ina kikopo cha maji ya kulainisha hewa, tumia maji yasiyo na madini (distilled), yetu ya Makete yanaganda chokaa humo. Hiyo hawakuniambia.

Kuhusu kansa nilimuuliza daktari. Akaniambia mama, umepima shingo ya kizazi? Nikasema hapana. Akanielekeza mlango wa pili kulia.

Dereva wa Igawa

Mama umeniliza na hao kunguru.

Hesabu za Uyole

@Mjukuu wa Kiwira mpime shingo. Fundi cherehani yeyote Mwanjelwa ana futi. Ikizidi sentimita 40 ni alama mojawapo wanayoiangalia, pamoja na kukoroma kwa nguvu, usingizi wa mchana, kuonekana pumzi inakata, presha, umri zaidi ya 50, unene na kuwa mwanaume. Mzee wako namhesabia nyingi hata bila futi.

Mjukuu wa Kiwira

Wakuu nashukuru, ndaga fijo. Nilichelewa kurudi kwa sababu nilienda Tukuyu mwenyewe, mambo haya huwezi kuyamaliza kwa simu.

Nilimkuta uani anapuliza chupa yake ya majani. Shikamoo, marahaba, tukaongea ndizi, tukaongea bei ya chai. Kwetu ukimsalimia mtu unamwambia "ugonile", yaani umelala? Nikaanzia hapo. Nikamwambia baba mdogo, kila siku unajibu umelala, mimi nina ushahidi kwamba hulali. Nikamchezea video niliyorekodi msibani. Ile ya sekunde 48.

Aliitazama mara mbili. Ya kwanza alicheka. Ya pili alishika simu mwenyewe, na ilipofika kwenye kimya niliona naye amezuia pumzi, anamsubiri yule mtu kwenye simu avute. Alipovuta, akanirudishia simu na kusema, "Mama yako mdogo anaona hii kila siku?" Mama mdogo yuko mlangoni na ungo wake, hakujibu.

Kansa tumeimaliza hivi: nilimsomea maelezo ya Nesi na ya Hesabu yote. Akauliza, "Kwa hiyo sigara na hili koromo, kipi kinaleta kansa kwa uhakika?" Nikamwambia sigara haina mjadala. Akanyamaza kidogo, akasema hilo nalo ni neno. Sijui kama ataacha, ila pakiti ilibaki mfukoni jioni nzima.

Mama mdogo ameshona gunzi la mahindi kwenye mgongo wa fulana yake ya kulalia ili asilale chali. Ni ushauri wa jirani. Nimelala hapo usiku mmoja, vimya vilipungua, havikuisha. Kirefu kilikuwa 27. Jumatatu tunaenda hospitali ya rufaa Mbeya na video, na karatasi ya presha, na orodha ya dawa ikiwemo ile ya majani.

Nesi wa Zamu

Gunzi linasaidia wanaoziba wakilala chali tu. Liendelee wakati mnasubiri kipimo. Video hiyo usiifute, daktari ataipenda kuliko maelezo ya nusu saa. Na asiendeshe pikipiki kuja Mbeya, apande basi.

Mjukuu wa Kiwira

Amekubali basi. Gunzi anasema linamuonea.

Mnyalu Halisi

Wakuu, nimerudi kimya kimya. Jana nilipitia kwa fundi kushona suti ya harusi ya shemeji. Fundi kazungusha futi shingoni, akasoma, akarudia, akamwita mke wangu aje aone. 44. Mke wangu hakusema kitu, aliniangalia tu kama anayenidai, akafungua simu. Kumbe ana sauti zangu za usiku za tangu mwaka jana, kumi na nne, kila moja kaiandikia tarehe.

@Nesi wa Zamu nakuja inboksi.